Dawa ya deni si kuvuka mpaka

KATIKA soko la Kimisagara, ukishuka kuelekea Nyabugogo, kufuli likikaa mlangoni zaidi ya wiki mbili majirani huacha kuuliza. Wanajua. Mwenye kibanda hajaugua wala hajafiwa. Ana deni, na sasa yuko Kampala, au Bukavu, au Ngara kwa shemeji yake, na laini ya simu amebadilisha.

Mama mmoja anayeuza vyombo vya plastiki na vitenge hapo sokoni, ambaye jina lake nalihifadhi kwa ombi lake, alinivuta pembeni hivi karibuni akaniuliza swali moja tu: “Mdogo wangu, wewe unayeandika habari za mipaka, nikivuka Rusumo wanaweza kunifuata?”

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba daftari lake. Kwa hesabu zake mwenyewe, anadaiwa na benki faranga milioni 6 na dhamana ni nyumba. Anadaiwa na tajiri wa Kariakoo kiasi cha milioni 3 na nusu za mzigo aliochukua kwa mali kauli. Na anadaiwa milioni 1 na laki 2 na mtu ambaye hapa Kigali hatumtaji kwa jina, tunasema tu “Banque Lambert”. Upande wa pili wa daftari kuna majina ya wateja wake wa Bujumbura, wanaodaiwa zaidi ya milioni 4. Walichukua mzigo mwishoni mwa 2023 wakaahidi kulipa baada ya sikukuu. Januari 11, 2024 Burundi ikafunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Ahadi zile zikabaki upande ule, na yeye akabaki upande huu.

Nimeeleza hesabu hizi kwa sababu tunapenda kumhukumu mtu aliyefilisika kabla hatujafungua daftari lake. Tunasema alikula mtaji, alijenga kwa fedha za watu, alioa mke wa pili. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mfanyabiashara wa mipakani ana ugonjwa wake ambao muuza nyanya wa sokoni hana: biashara yake inaweza kufa usiku mmoja kwa uamuzi wa watu asiowajua. Wauza caguwa wa Nyabugogo na Kimisagara wanakumbuka mwaka 2016, ushuru wa nguo za mitumba ulipopandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Waliokuwa wakifuata bidhaa Kikuubo wanakumbuka Gatuna ilivyofungwa Februari 2019, isifunguliwe hadi mwisho wa Januari 2022, na katikati ya hapo ikaja korona ya Machi 2020. Waliokuwa wakilisha Goma wanajua yaliyotokea Januari 2025. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyetumiwa barua ya notisi. Mkopo wa benki, kwa upande wake, haujui mpaka umefungwa. Tarehe 30 ikifika, unadai.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama, kwa maana najua si yeye peke yake anayeliuliza.

Jibu fupi ni kwamba wakimfuata au wasimfuate, kuvuka hakumsaidii. Ninalisema hili nikiwa na kisa nyumbani. Mjomba wangu alifanya biashara ya dagaa na mchele, akakwama, akavuka mpaka usiku akidhani atarudi baada ya miezi mitatu na fedha mkononi. Alirudi baada ya miaka tisa. Riba haikumsubiri, rafiki yake aliyemdhamini aliuza ng'ombe wawili kulipa sehemu ya deni, na hadi leo watu hao wawili hawasalimiani misikitini. Kiwanja chake kilipouzwa hakuwepo mtu wa kusema bei ni ndogo. Huo ndio ubaya wa kukimbia: mambo yako yanaamuliwa na wengine, na wewe haupo kwenye chumba.

Kuna hofu nyingine inayowakimbiza watu, hofu ya jela. Hapa inabidi tuseme wazi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zote zimeuridhia, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Angalia maneno hayo “kwa sababu tu”. Mwenye uwezo wa kulipa akakataa amri ya mahakama, huyo ni mwingine, na Tanzania na Uganda bado zina utaratibu wa kumweka ndani mfungwa wa madai. Aliyedanganya ili akopeshwe ni mwingine pia. Na aliyetoa sheki isiyo na fedha nyuma yake, hapa Rwanda hilo ni kosa la jinai.

Ndiyo maana madeni matatu ya mama yule hayalingani, ingawa yeye ameyaandika katika safu moja kana kwamba ni ndugu.

Deni la benki ndilo kubwa lakini ndilo lenye mlango. Rehani ya nyumba imesajiliwa kwa Msajili Mkuu, ndani ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Wengi hawajui kwamba kwa rehani ya namna hii benki haihitaji kwanza kushinda kesi. Ukichelewa kulipa, inaomba kwa Msajili Mkuu, anateuliwa mtu wa kusimamia mali, na nyumba inapelekwa cyamunara. Tangu 2020 mnada huo unafanyika kwenye mtandao, hivyo usitegemee kuona watu wamesimama uani na kipaza sauti ndipo ujue nyumba inauzwa. Lakini kabla ya kufika huko benki ina sababu zake za kutaka kuzungumza. Nyumba ya kuuza ni kazi, ni muda, na bei ya mnada mara nyingi huwa ya kusikitisha pande zote mbili. Mteja anayekuja miezi miwili kabla ya kushindwa, akiwa na hesabu zake, ana nafasi ya kuomba muda urefushwe na rejesho la mwezi lipunguzwe. Anayekuja baada ya barua ya tatu anakuja kuomba huruma, na huruma haiko kwenye fomu za benki.

Deni la Kariakoo halina karatasi yoyote isipokuwa ujumbe wa WhatsApp na uaminifu wa miaka saba. Ndilo deni linalomnyima usingizi kuliko yote, na ndilo ambalo kisheria liko mwisho wa foleni. Nitalirudia.

Deni la Banque Lambert ndilo dogo, nalo ndilo lenye sumu. Kukopesha kama biashara bila leseni ya Benki Kuu ya Rwanda kunakatazwa na sheria, lakini kila mtaa una mtu wake. Mama anasema alikubali riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Piga hesabu: ni laki 2 na elfu 40 kila mwezi, na baada ya miezi mitano umeshalipa milioni 1 na laki 2 za riba, deni lenyewe likiwa halijapungua hata faranga moja. Wakopeshaji hawa huwa na mbinu inayojulikana. Wanakusainisha sheki isiyo na tarehe, au mkataba unaosema umewauzia nyumba au gari. Siku mkigombana, karatasi haisemi tena kwamba ulikopa. Inasema ulitoa sheki hewa, au ulishauza nyumba yako. Mama alitoa sheki mbili. Nilimwambia kwamba hizo sheki ndizo za kushughulikiwa kwanza, kabla ya benki na kabla ya Kariakoo, na asizishughulikie peke yake. Kila wilaya ina ofisi ya msaada wa sheria ya Wizara ya Sheria, ile inayoitwa MAJ, na ushauri wake haulipiwi. Nyarugenge ipo. Ajabu ni kwamba watu wanaijua kwa migogoro ya mashamba na talaka, ila hawaifikirii kwa madeni.

Na je, ufilisi wa kisheria? Neno lenyewe linatisha. Kwa Kiswahili chetu mufilisi ni mtu aliyekwisha, na mfilisi ni yule anayekuja kumaliza kilichobaki. Herufi moja tu inawatenganisha. Labda ndiyo maana hakuna anayetaka kusikia kwamba sheria ya ufilisi ilitungwa kumlinda mdaiwa pia.

Rwanda ina sheria mpya ya mambo haya, Sheria Na. 075/2021 ya Desemba 6, 2021. Kabla yake kulikuwa na ya mwaka 2018, na kabla ya hiyo ya 2009. Sheria tatu katika miaka 12 zinaonyesha kwamba serikali imelifikiria jambo hili kwa bidii. Kwa ufupi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuihuisha biashara: msimamizi aliyesajiliwa anaingia, madai yanasimamishwa kwa muda, wadai wote wanaitwa kwenye meza moja na kuonyeshwa mpango wa kulipa, pengine kwa miaka, pengine kwa kusamehe sehemu. Ya pili ni kuifunga: mali inakusanywa, inauzwa, wadai wanagawana kwa utaratibu. Kesi husikilizwa na mahakama za biashara, na kwa watu wa Kimisagara hiyo ni Mahakama ya Biashara ya Nyarugenge.

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kusimamisha mbio. Bila huo, mdai mwenye nguvu au mwenye kelele ndiye anayelipwa. Anayekuja na vijana wawili asubuhi anaondoka na mzigo, na yule mzee mstaarabu wa Kariakoo anayepiga simu kwa adabu mara moja kwa wiki anapata pole. Ndiyo maana pia sheria za ufilisi huwa kali kwa mdaiwa anayeficha mali, au anayemlipa kaka yake kimya kimya wiki moja kabla ya kwenda mahakamani. Malipo kama hayo yanaweza kurudishwa.

Lakini utaratibu huo si dawa ya kila kitu, na sitaki msomaji aondoke na matumaini ya uongo. Mwenye rehani anabaki na rehani yake. Mishahara na kodi hutangulia. Mali kauli huja nyuma. Pia kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulielewa vibaya: kusajili kampuni RDB ni rahisi, na ni kweli kwamba deni la kampuni si deni lako binafsi. Ila benki haikopeshi kampuni ndogo mpaka mwenye kampuni asaini udhamini binafsi na kuweka nyumba. Siku ya kusaini ukuta ule unabomoka, na kwa kuwa nyumba ya ndoa ya mali za pamoja haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili, anabomoka nao mwenzi aliyesaini bila kusoma.

Kisha kuna gharama. Msimamizi wa ufilisi hulipwa. Wakili hulipwa. Mtu anayedaiwa jumla ya milioni 10 na laki 7, mwenye kibanda cha mita nne, hawezi kutumia sehemu kubwa ya alichobakiza kulipa watu wa kumwambia kwamba hana kitu. Hapa ndipo ninapoona pengo, na ndipo sera zetu za kanda zinapaswa kuangaliwa upya.

Wenzetu wa Kenya walilifikiria. Sheria yao ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina utaratibu kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa: kama madeni yake ni kati ya shilingi laki moja na milioni 4 za Kenya, anaweza kupeleka maombi kwa Mpokeaji Rasmi bila kufanywa mufilisi na mahakama, na baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa. Hapati nafasi hiyo mara ya pili, na aliyedanganya hafutiwi. Hata anayetangazwa mufilisi wa kawaida huachiliwa baada ya miaka mitatu. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2011, inamruhusu mtu binafsi kuomba kinga ya muda mfupi ili apatane na wadai wake. Tanzania ina Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, yenye mizizi ya mwaka 1930, enzi za Mwingereza, na ina wakala mzima, RITA, wenye neno “ufilisi” ndani ya jina lake, ingawa wananchi huuendea zaidi kwa vyeti vya kuzaliwa. Kongo, tangu ijiunge na OHADA mwaka 2012, inafuata sheria ya pamoja na nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati. Kwa maneno mengine, mtu wa Kimisagara akivuka Petite Barrière kwa miguu, dakika chache tu, ameingia katika mfumo mwingine kabisa wa sheria ya madeni.

Biashara yetu ni moja, lakini kufa kwake kuna sheria tofauti kila upande. Tuliliona hilo kwa wakubwa. Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Nakumatt, iliyokuwa na maduka hadi hapa Kigali, iliwekwa chini ya msimamizi na mahakama ya Kenya Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Waliopeleka maziwa, unga na sabuni kwa mkopo katika nchi jirani walilazimika kutazama kesi iliyokuwa ikisikilizwa Nairobi. Kama kampuni zenye mawakili zilihangaika, tajiri wa Kariakoo mwenye deni la milioni 3 na nusu Kimisagara atafanyaje? Atapanda basi, alale Kahama, afike Kigali, akute fomu ya madai kwa lugha asiyoisoma? Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Fomu ya madai ya ufilisi kwa Kiswahili ingekuwa mahali pazuri pa kuanza kuitumia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki si kwamba haiwezi kufikiria watu wadogo. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha, unapita mpakani kwa cheti rahisi cha asili bila wakala wa forodha. Mtu aliyebuni utaratibu ule alielewa kwamba mama mwenye magunia manne hawezi kutendewa kama meli ya Mombasa. Kwa nini fikra hiyo iishie kwenye kizuizi cha forodha? Napendekeza Bunge la Afrika Mashariki liangalie utaratibu rahisi wa madeni madogo ya kuvuka mpaka: ofisi moja kila nchi inayopokea maombi, fomu moja, kikomo kimoja cha deni, kusimamisha madai kwa siku chache zinazojulikana, na mpango uliokubaliwa Kigali utambuliwe Dar es Salaam na Kampala bila kesi mpya.

Najua pingamizi. Nililisikia palepale sokoni kutoka kwa muuza mchele aliyekuwa akitusikiliza: “Ukiwasamehe, watakopa tena, na wanaoumia ni sisi tuliowaamini.” Ana haki ya kusema hivyo, na yeye mwenyewe ana watu watatu waliomkimbia. Lakini nilipomuuliza amepata nini kutoka kwa hao watatu, alicheka. Hajapata kitu. Kama mmoja wao angebaki na kumlipa theluthi kwa miaka miwili, mbele ya ofisa, angekuwa na theluthi. Na majina ya wasiolipa yanakaa kwenye kumbukumbu za taasisi za taarifa za mikopo, kwa hiyo anayesamehewa hasahauliki haraka hivyo. Mimi sioni kwamba msamaha wa bure unafaa. Anayeficha mali ashitakiwe. Ila tusimweke kapu moja na aliyefungiwa mpaka.

Mama alikwenda MAJ Alhamisi kuhusu zile sheki. Tajiri wa Kariakoo amempigia mwenyewe, akamweleza ukweli wote, na mzee akanyamaza muda mrefu kisha akauliza kama anaweza kupata hata kidogo kidogo kila mwezi. Miadi ya benki ni Jumatatu. Jana usiku alinipigia tena kuuliza kama aende na daftari lenye majina ya Bujumbura au aliache nyumbani, maana anaona aibu ofisa wa mikopo kujua kwamba naye ni mdai asiyelipwa. Nilimwambia aende nalo, na amchukue mumewe.